Namkumbuka Mjenzi wa Bokotola

Katika kurasa hizi za mambo ya nyumbani tumezoea kuelezana namna ya kupika, kulea watoto na kutunza akiba ya jikoni. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya nyumba yenyewe, yaani kuta, sakafu na paa, pamoja na deni ambalo watu wengi hulibeba ili wavipate vitu hivyo. Naandika pia kumkumbuka mtu mmoja, Mmarekani, ambaye nilimwona kwa macho yangu nilipokuwa msichana mdogo huko Mbandaka, ukingoni mwa Mto Kongo. Jina lake Millard Fuller. Baadaye lilikuja kuvuma duniani, lakini wakati ule kwetu alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa, aliyefyatua matofali. Sikuwahi kusema naye hata neno moja. Baba yangu naye hakusema naye. Hata hivyo watu hawa wawili walishindana ndani ya nyumba yetu kwa miaka mingi.

Sisi ni watu wa Kisangani, na lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Baba alikuwa karani wa mizigo katika meli za mtoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata kiwanja kidogo, akakusudia kuachana na nyumba ya kupanga. Miti na udongo havikumtia taabu, ila mabati ndiyo yaliyomshinda. Akaenda kwa mkopeshaji mmoja wa mjini, mtu mwenye adabu nyingi na kauli tamu, akakopa fedha za mabati ishirini na manne. Masharti aliyasoma yote, maana alikuwa karani. Lakini riba iliyoandikwa karatasini haina uzito ule inaoupata kila mwisho wa mwezi. Mwezi ambao Baba hakuweza kulipa, riba ilitozwa juu ya riba. Baada ya miaka miwili alikuwa amekwisha lipa fedha nyingi kuliko zile alizokopa, na bado deni lilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza. Tulianza kupoteza cherehani ya Mama, yakafuata mabati, kisha kiwanja.

Cherehani ile naikumbuka zaidi kuliko kiwanja. Siku ilipotolewa nje kwenda kuuzwa, Mama aliifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake, polepole, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Baba alisimama mlangoni akitazama kwingine.

Mwaka 1970 Baba alihamishiwa Mbandaka, safari ya kilomita zipatazo 1,000 kuteremka mto. Tukapanga vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa kwa majani. Mbandaka iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mvua za huko hazina msimu wa kupumzika. Usiku Mama alikuwa akipanga sufuria sakafuni kufuata matone, nasi watoto tulihamisha mikeka kufuata sufuria. Wenye nyumba za namna hiyo wananielewa. Nyumba inayovuja haimharibii mtu nguo na unga tu, humharibia na usingizi, na asiyelala vizuri hugombana asubuhi.

Msomaji asiyeufahamu mji huo anapaswa kuelezwa jambo moja. Mbandaka, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Coquilhatville, ilijengwa kama miji mingi ya Kongo ya Wabelgiji: Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, na katikati ukaachwa uwanja mtupu wa kuwatenganisha. Uwanja wa Mbandaka uliitwa Bokotola, na jina hilo hufasiriwa kuwa ni mtu asiyewapenda wenzake. Mkoloni aliondoka mwaka 1960, lakini uwanja ulibaki vilevile, majani matupu katikati ya mji ambao watu wake walikuwa wakilala wanane katika chumba kimoja.

Hapo ndipo Fuller alipokusudia kujenga. Alifika mwaka 1973 pamoja na mkewe Linda na watoto wao wanne, kufanya kazi na kanisa lililokuwapo pale. Kanisa lilikwisha kuwa na kazi ya kufyatua matofali ya saruji, ila kazi hiyo ilikuwa imezorota. Shauri lake lilikuwa kwamba matofali yale yajenge nyumba za watu wa kawaida juu ya uwanja wa Bokotola, nyumba imara zenye sakafu ya saruji na paa la bati, na kwamba kila mwenye nyumba ailipie. Hapa naomba msomaji asome kwa makini, maana jambo lote limo humo. Nyumba haikutolewa sadaka. Mtu aliuziwa kwa gharama ya kujengea, bila faida, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila riba hata senti moja. Na fedha alizolipa hazikuingia mfukoni mwa mtu. Ziliingia katika mfuko wa pamoja ambao ulijenga nyumba ya mwingine anayengoja. Kwa hiyo aliyelipa deni lake la mwezi alikuwa amemnunulia jirani matofali.

Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: mzungu huyu ana faida gani? Majibu ya swali hilo niliyapata nikiwa mtu mzima, katika kusoma, nami nayaeleza kwa ufupi. Fuller alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Akiwa bado mwanafunzi wa sheria alianza biashara na mwenzake Morris Dees. Waliwaandikia wazazi wa wanafunzi, wakapokea fedha, nao wakawapelekea watoto wa watu keki za siku ya kuzaliwa chuoni. Kutoka keki wakaingia vitabu vya mapishi, na kutoka hapo utajiri ukaja mbio. Kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa milionea. Lakini nyumba aliyojenga kwa fedha ilikuwa haina mtu ndani, maana yeye mwenyewe alishinda kazini mchana na usiku. Mwaka 1965 mkewe alimwacha akaenda New York kutafakari kama ndoa ile inafaa kuendelea. Fuller alimfuata huko. Walipatana kwa sharti ambalo wengi wetu tungeliita wazimu: wauze mali yote, wagawe fedha, waanze upya.

Wakaenda kwenye shamba liitwalo Koinonia, karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, mkulima aliyekuwa pia msomi wa Kigiriki cha Agano Jipya. Weusi na weupe waliishi na kula meza moja, jambo lililowaletea risasi za usiku na kususiwa na wafanya biashara katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 Jordan na Fuller walianza mpango wa kuwajengea wakulima maskini wa jirani, wengi wao watu weusi waliokaa katika vibanda vibovu. Jordan alifariki mwaka 1969, nyumba ya kwanza ikiwa bado haijahamiwa. Neno la kutomtoza maskini riba walilichukua katika Biblia, katika kitabu cha Kutoka. Majirani zangu Waislamu wa hapa Kisangani huniambia kwamba kwao pia neno hilo si geni, nami huwajibu kwamba kwetu sote limeandikwa vizuri sana, ila mkopeshaji wa Baba hakuwa amelisoma.

Hebu turudi Bokotola. Tulipita pale kila siku tukienda shule. Mchanga ulitolewa mtoni, ukachanganywa na saruji, ukashindiliwa katika kalibu, na matofali yakapangwa safu ndefu. Tulistaajabu kuona watu wakiyamwagilia maji kama miche ya mboga. Mwashi mmoja alitueleza kwamba tofali la saruji likikauka upesi kwa jua huwa jepesi na hupasuka. Lazima linyweshwe siku kadhaa ndipo ligande sawasawa. Maarifa hayo yamenifaa hadi leo, na anayejenga asikubali fundi mvivu amdanganye kwamba maji hayo ni ya kupoteza.

Kazi haikuwa rahisi. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa wananchi, na kwa muda mfupi rafu za maduka mengi zikawa tupu. Saruji ikawa kama dhahabu. Kulikuwa na majuma ambayo kalibu zilikaa kavu na mafundi walikaa kivulini. Wenye midomo wakasema, “Tuliwaambia.” Kisha meli ikaleta mifuko na kelele zikaanza upya.

Mama alitaka nyumba ile. Hakusema kwa maneno mengi, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Alianza kupita Bokotola akitoka sokoni, ingawa haikuwa njia yake. Jioni moja, wakati Baba anakula, alimwambia, “Baba watoto, jirani yetu seremala ameandikisha jina lake.”

Baba akanyamaza.

“Wanasema hakuna riba,” Mama akaongeza.

Baba akanawa mikono kabla chakula hakijaisha. “Deni lisilo na riba ni la mtu anayeficha riba,” akasema. “Niliwahi kusoma karatasi iliyopendeza. Sitatia sahihi nyingine maishani mwangu.”

Mama hakujibu. Akaondoa sahani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nikamwona Baba kuwa mtu mgumu. Sasa nina wajukuu, nimekwisha kupata madeni yangu mwenyewe, na siwezi tena kumhukumu upesi hivyo. Mtu aliyeungua kwa uji wa moto hupuliza hata maji ya mtungi. Lakini ukweli lazima usemwe: seremala aliandikishwa, alijengewa, akalipa. Mwaka 1976, kabla familia ya Fuller haijarudi Marekani, palifanyika sherehe kubwa, na mahali pale pakapewa jina jipya, Losanganya, yaani penye kuwaunganisha watu. Tulikwenda sote kutazama ngoma isipokuwa Baba, aliyesema ana hesabu za mizigo. Mke wa seremala alitukaribisha ndani. Mama alivua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu ya saruji kwa nyayo tupu, akaenda hadi ukuta wa mwisho, akarudi. “Ni baridi,” akasema, naye alikuwa akitabasamu. Mvua ilinyesha usiku ule. Tulipanga sufuria kama kawaida.

Yaliyofuata katika maisha ya Fuller yamekwisha andikwa na wengi. Mwaka huohuo wa 1976, huko Americus, yeye na mkewe pamoja na marafiki wachache walianzisha chama cha Habitat for Humanity, kueneza duniani mpango uliojaribiwa Koinonia na Mbandaka. Katika nchi yetu kazi iliendelea pia Ntondo, kando ya Ziwa Tumba. Mwaka 1983 Fuller alitembea kwa miguu maili 700, kutoka Americus hadi Indianapolis, ili watu wausikie mpango huo. Mwaka 1984 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1977 hadi 1981, alikwenda New York akashika nyundo mwenyewe, na tangu hapo chama kikajulikana kila mahali. Kufikia mwaka 2005 chama kilikuwa kimekwisha kujenga nyumba 200,000 katika nchi nyingi.

Mwaka huohuo wa 2005 bodi ya chama alichokianzisha ilimwondoa kazini yeye na mkewe. Mfanyakazi mmoja mwanamke alimtuhumu kwa mwenendo usiofaa. Fuller alikana, na bodi ilisema haikupata ushahidi wa kutosha juu ya tuhuma hiyo, ila ilimlaumu kwa kauli za hadharani ilizoziona kuwa zinaleta mgawanyiko. Silifichi jambo hili, maana kumkumbuka mtu si kumpaka chokaa. Yeye na Linda wakaanzisha chama kingine cha kujenga nyumba, wakaendelea. Alifariki tarehe 3 Februari 2009, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa katika shamba la Koinonia ndani ya sanduku la mbao lisilo na mapambo, kama alivyozikwa Clarence Jordan.

Nina neno langu dogo juu ya mpango wake, nami nalisema kama mwanamke anayeshika matumizi ya nyumba. Mpango ule uliwaamini maskini kuwa watalipa, na wengi walilipa. Lakini haukutegemea kwamba fedha yenyewe inaweza kufa. Zaire yetu, ilipoanzishwa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 ilitakiwa uchukue zaire milioni tatu za zamani upewe zaire mpya moja. Fikirini, ndugu zangu: aliyeahidi kulipa kiasi fulani kwa mwezi kwa miaka mingi, kiasi hicho kikafika mahali hakinunui hata kibiriti. Mlipaji amelipa kwa uaminifu, na mfuko haujengi kitu. Ndiyo maana katika nchi kadhaa za Afrika watu wa chama hicho walikuja kuhesabu deni kwa bei ya mfuko wa saruji: unadaiwa mifuko, unalipa bei ya mifuko. Mimi naona hesabu hiyo ni ya haki. Wapo wasemao kwamba ni riba iliyovikwa nguo nyingine. Si kweli. Riba humwongezea aliyekopesha. Mfuko wa saruji unabaki mfuko wa saruji.

Sisi tulirudi Kisangani mwaka 1979, Baba akiwa bado mpangaji. Niliolewa, mume wangu na mimi tukajenga nyumba ndogo kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, nasi tukawachukua wazee wetu wakae nasi. Kisha ikaja Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana wenyewe kwa wenyewe ndani ya mji wetu. Tulilala chini ya kitanda siku zote sita. Tulipotoka, watu wote wa nyumba tulikuwa hai, lakini mabati yalikuwa yametobolewa kama chujio.

Hatukuwa na fedha, wala sikutaka kwenda kwa mkopeshaji. Nadhani hilo nililirithi. Tulikuwa wanawake kumi wa mtaa mmoja, wauza mihogo, mafuta na samaki, nasi tukaunda likelemba. Kila mwezi kila mmoja alitoa kiasi kilekile, na zote zikaenda kwa mmoja, kwa zamu, anunue mabati. Nasi tulikuwa tumejifunza kwa zaire: hatukukubaliana juu ya fedha, tulikubaliana kwamba kila mmoja atoe bei ya mabati mawili, iwe imepanda au imeshuka. Zamu yangu ilikuwa ya saba. Miezi sita nilitoa mabati yakaezeka nyumba za wenzangu, huku nyumbani kwangu sufuria zimerudi sakafuni.

Mabati yangu yalifika mwaka 2001, alasiri moja. Baba alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, macho yameanza kumwishia, lakini alitoka kitini akaja kuyahesabu kwa kuyagusa kingo, moja moja, kama alivyohesabu mizigo.

“Ishirini,” akasema. “Umesaini kwa nani?”

“Sikusaini, Baba. Ni wanawake wa likelemba.”

“Na riba?”

“Hakuna.”

Akakaa juu ya mabati yale, mkono wake bado umeshika ukingo. Mama alikuwa kwenye kizingiti akichambua maharagwe. Baada ya muda mrefu Baba akasema, bila kumtazama yeyote, “Mwaka ule, Mbandaka, nilikwenda Bokotola usiku. Nilikuwa na karatasi ya maombi, nimekwisha kuijaza. Nilifika kwenye matofali yao, nikasimama. Matofali yalikuwa na maji. Kisha nikarudi nyumbani.”

Sikujua la kusema. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nikidhani hakuwahi hata kulitazama lile tofali.

Mama hakuinua kichwa. Akatoa jiwe dogo katika maharagwe, akalitupa uani. “Najua,” akasema. “Niliikuta mfukoni nilipofua suruali yako. Nikaikausha, nikairudisha mahali pake.”